Mkimbizi Asitolewe Gizani

Mnamo Februari 15, 1999, Abdullah Öcalan, kiongozi wa chama cha Wakurdi cha PKK, alitoka katika makao ya balozi wa Ugiriki jijini Nairobi, akapelekwa uwanja wa ndege katika gari la maofisa wa Kenya, akaishia mikononi mwa majasusi wa Uturuki. Hakuna hakimu wa Kenya aliyemsikiliza.

Hatusemi kwamba hakuwa na mashtaka ya kujibu. Twasema kwamba hata mshtakiwa wa makosa mazito hutolewa kwa sheria. Miezi michache kabla, Italia ilikataa kumkabidhi kwa kuwa Uturuki ilikuwa na adhabu ya kifo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuwa imekwisha kuamua, katika kesi ya Soering ya 1989, kwamba nchi inayomtoa mtu ili akateswe kwingine hujitia hatiani yenyewe. Katika kesi ya Chahal ya 1996 iliongeza kwamba hata hoja ya usalama wa taifa haiondoi kinga hiyo.

Öcalan alihukumiwa kifo Juni 1999. Adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha 2002. Mnamo 2005 Mahakama hiyo ilitamka kwamba kesi yake haikuendeshwa kwa haki. Lakini kuhusu kukamatwa kwake Nairobi haikuona kosa, kwa sababu Kenya yenyewe ilishirikiana na Uturuki. Hapo ndipo penye funzo: Strasbourg haitatulindia mlango wetu.

Sheria zetu za kuwatoa washtakiwa zinataka hakimu, tena zinakataza kumtoa mtu kwa kosa la kisiasa. Hata hivyo, Oktoba 2024 wakimbizi wanne wa Kituruki walinyakuliwa Nairobi wakarudishwa kwao, na serikali ikakiri. Mwezi uliofuata, Kizza Besigye alitekwa papa hapa, akaibukia mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala.

Torati iliweka miji ya makimbilio ili hata muuaji asife kabla ya kusimama mbele ya mkutano na kuhukumiwa. Twadai hayo hayo, wala si zaidi: mtu asivushwe mpaka kabla hajasikilizwa na hakimu, mchana, wakili wake akiwapo. Makanisa na yaseme, na mawakili waende mahakamani usiku uo huo mtu anapotoweka. Serikali iliyozoea kumtoa mgeni gizani haitashindwa kumtoa mwenyeji.