Ukungu Huu Una Mwenyewe

Kila asubuhi nikija shule kwa miguu hupita kando ya jaa la takataka linalofuka moshi. Watu husema, "Leo kuna ukungu." Jamani, ni ukungu gani huo unaowasha macho na kunuka plastiki?

Waingereza waliipa hewa ya aina hii jina lake. Walichukua mwanzo wa neno lao la moshi wakauunga na mwisho wa neno lao la ukungu, wakapata "smog". Daktari Henry Antoine Des Voeux alilipa neno hilo umaarufu mjini London mwaka wa 1905. Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulichanganyika na ukungu mjini humo ukaua watu wasiopungua 4,000. Mwaka wa 1956 Bunge lao likapitisha sheria ya hewa safi.

Mimi naonelea nasi tuseme "ukungumoshi". Wapo watakaocheka, eti neno halizimi moto. Ni kweli. Lakini ukungu ni kazi ya Mungu, haulaumiwi mtu. Moshi una aliyeuwasha. Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto.

Mdogo wangu hukohoa usiku kucha, na nyumbani tunasema ni baridi ya ukungu. Tukikosea jina tutakosea dawa. Tena mwenye moto ule si mmoja: taka za kwetu pia humwagwa pale, na anayetumwa kuzipeleka ni mimi.