Jua Halimsubiri Mgeni Rasmi

Kadi ya mwaliko husema saa moja kamili asubuhi. Saa moja na nusu wanachama wa klabu za jogging wameshafika uwanjani, fulana mpya zimeshagawiwa, spika zinalia na hewa bado ni ya kupumulika. Saa mbili na nusu MC anatangaza kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Saa tatu na nusu bado yuko njiani. Akifika kuna utambulisho, kuna risala, kuna nasaha ndefu kuhusu faida za mazoezi. Filimbi inapulizwa saa nne na robo, na mamia ya watu, wengi wao wakiwa wamekaa kitini mwaka mzima, wanaingia barabarani juani kutafuta afya.

Bonanza hilo silitaji jina kwa sababu halina jina moja. Liko Musoma, liko Bunda, na kila Oktoba, msimu wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere unapofika, utalikuta Butiama pia. Sina ugomvi na mazoezi. Tangu Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, nchi imejifunza kuvaa raba. Ninalotaka tulipime ni hili: katika mkoa wa jua kama Mara, nani apange saa ya kukimbia? Mwili, ratiba au itifaki? Jibu langu ni kwamba mwili una uwezo mkubwa wa kujifunza joto, ila hujifunza kwa siku na kwa kipimo, na shughuli zetu nyingi haziupi siku wala kipimo.

Tuanze na hesabu. Misuli ya mkimbiaji haina tofauti kubwa na injini kuukuu: karibu robo tatu ya nguvu inayochomwa haiwi mwendo, inakuwa joto. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 10 kwa saa huchoma kilokalori 600 hivi. Joto lake lisingepata pa kutokea, mwili wake ungepanda nyuzi moja ya Selsiasi kila dakika saba. Kutoka nyuzi 37 za kawaida hadi 40, ambako hatari hubisha hodi, ni dakika 20 na ushee tu. Kinachomwokoa ni jasho, nalo si lile linalodondoka chini, bali linalokauka juu ya ngozi. Kila lita inayokauka huondoka na kilokalori 580 hivi. Lakini ili joto lifike kwenye ngozi lazima lisafirishwe na damu, na damu hiyohiyo inadaiwa na misuli. Moyo unabaki na wadai wawili na mfuko mmoja. Jasho likizidi kutoka, mfuko unapungua na wadai wako palepale.

Hapo ndipo mtu wa kwetu hukatiza kwa kusema: sisi tumezaliwa juani, tumezoea. Hoja hii haistahili kuchekwa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwili unaofanya kazi kwenye joto kila siku hubadilika. Ndani ya siku tatu hadi tano za mwanzo, maji ya damu huongezeka, na moyo hupiga taratibu kwa kazi ileile iliyokuwa ikiuhangaisha. Kati ya siku ya saba na ya 14, jasho huanza kutoka mapema zaidi, hutoka kwa wingi, na chumvi yake hupungua kwa kuwa mwili umejifunza kuibana. Fundi mwashi anayepandisha tofali Nyasho mjini Musoma na mkulima anayelima mihogo Butiama wanayo mabadiliko hayo. Hawakuyarithi, wameyapata kwa kazi ya wiki mbili zilizopita.

Na hiyo ndiyo nusu ya pili, ile ambayo hatupendi kuisikia. Mazoea haya hupotea. Mtu akiugua, akisafiri au akikaa ofisini chini ya feni, sehemu kubwa huyeyuka ndani ya wiki mbili hadi nne. Karani aliyezaliwa Makoko, hukohuko Musoma, na anayeshinda ndani hana stahili yoyote juani kwa sababu ya kitovu chake kuzikwa Makoko. Tena aliyezoea vizuri hutoa jasho jingi zaidi, kwa hiyo anahitaji maji mengi zaidi. Anayejigamba kwamba amezoea jua na hana haja ya kunywa amelisoma somo kichwa chini.

Historia imeshapima hoja ya kuzaliwa juani, na kwa gharama kubwa. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, wachimbaji walianza kufa kwa joto la chini ya ardhi miaka ya 1920. Hawakuwa watu wa nchi za theluji. Walikuwa Waafrika, na miongoni mwa walioajiriwa katika migodi hiyo kabla ya Uhuru walikuwamo vijana kutoka kusini mwa Tanganyika. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wageni wa kazi. Baada ya miaka ya utafiti, wenye migodi wakaweka utaratibu: mchimbaji mpya aliingizwa kwanza katika chumba chenye joto na unyevu, akapanda na kushuka ngazi fupi kwa saa nne kila siku, siku nane mfululizo, huku akipimwa joto la mwili, kabla ya kuteremshwa shimoni. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Kila maiti ilikuwa hasara. Lakini kama bepari wa mgodi alikubali kumlipa mtu siku nane za kupanda na kushuka ngazi bila kuchimba hata punje ya dhahabu, ujue alishaona kwamba ngozi nyeusi peke yake haimkingi mtu na joto. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani nayo husema jambo linalofanana: karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya kazi, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Bonanza la mara moja kwa mwezi ni siku ya kwanza ya kazi isiyokwisha.

Wapo watakaonijibu kwa Mwalimu mwenyewe. Oktoba 1967, akiwa na umri wa miaka 45, Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, njia ya kilomita zipatazo 200 inayopita Bunda. Kama Rais aliweza, vijana wa leo wana udhuru gani? Mimi naisoma safari hiyo kwa namna nyingine. Alitembea, hakukimbia, na safari aliigawa kwa siku. Anayetaka kumuenzi kwa mfano huo angeanza mazoezi yake mwishoni mwa Septemba, polepole, ili tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu yake, imkute tayari.

Tukishakubaliana juu ya mwili, tuangalie mahali. Mara haina jua la aina moja. Musoma iko kando ya ziwa, na unyevu wake huchelewesha jasho kukauka. Kinachosaidia ni upepo unaovuma kutoka majini kuanzia adhuhuri, ila haufiki kwenye uwanja uliozungushiwa ukuta. Bunda, iliyo kwenye njia ya kuelekea tambarare za Serengeti, ina hewa kavu zaidi. Jasho hukauka kabla mwenyewe hajaliona, fulana inabaki kavu, na mkimbiaji anadhani hajapoteza kitu. Butiama ni juu zaidi, hewa yake ni ya afadhali, lakini miinuko yake humfanya mtu azalishe joto kutoka ndani hata kabla jua halijamwongezea.

Kuna na saa yenyewe. Nchi nzima tunatumia saa ileile, lakini jua halijui hilo. Musoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi tano za longitudo, na kila nyuzi ni dakika nne. Kwa wastani jua la Musoma hufika kileleni saa saba kasoro robo mchana, dakika zaidi ya 20 baada ya lile la Dar es Salaam. Mwezi Februari hukaribia saa saba kamili. Kwa hiyo mechi inayoanza saa nane mchana Uwanja wa Karume, kama zile tulizoziona enzi za Biashara United Ligi Kuu, huanza saa moja na kidogo tu baada ya utosi wa jua. Ratiba iliyopangwa kwa macho ya Dar es Salaam humnyima mchezaji wa Musoma zaidi ya dakika 20 za kivuli.

Wakubwa wa michezo duniani wameshaacha kubishana na jua. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya Tokyo kwa saa 2:09:48 na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, mbio zilikuwa zimewahishwa nusu saa, zikaanza saa moja na nusu asubuhi kwa sababu ya joto. Watu waliojiandaa kwa miezi walihurumiwa. Mhasibu wa halmashauri anapuliziwa filimbi saa nne. Oman na Qatar, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi, sheria husimamisha kazi za juani saa za mchana wakati wa kiangazi chao. Na Februari 2025 Sudan Kusini ilifunga shule kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuanguka kwa joto mjini Juba. Tusisubiri kufika huko ndipo tukumbuke watoto wetu wa mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, wanaocheza raundi mbili kwa siku kwa sababu fedha za kambi ni za siku chache.

Hata hivyo, kuwahi asubuhi si dawa ya kila kitu. Mwaka 2019 huko Doha, katika mashindano hayohayo ya dunia, marathoni ya wanawake ilikimbiwa usiku wa manane. Kati ya 68 walioanza, 40 tu ndio waliomaliza, kwa sababu unyevu haukulala. Alfajiri ina gharama nyingine kwetu. Kunapambazuka kwa kuchelewa: jua la Musoma huchomoza karibu saa moja kasoro dakika 20. Kumwambia msichana atoke nyumbani saa kumi na moja gizani ni kumpunguzia hatari moja na kumwongezea nyingine. Barabara kuu ya Bunda ina malori yasiyomwona mtembea kwa miguu, na vijiji vilivyo jirani na hifadhi vina tembo wasiojua siku ya bonanza. Wenye hoja hizi wana haki. Ndiyo maana sidai watu wakimbie gizani. Nadai mwanga unaopatikana, kuanzia saa moja kasoro robo hadi saa tatu, usiliwe na hotuba.

Jioni ina nafasi tusiyoitumia. Jua la Musoma huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache. Mechi ikianza saa kumi na nusu inaisha kukiwa kweupe, hata bila taa. Ratiba za televisheni zinaweza kugoma kwa mechi chache. Ligi za wilaya na michezo ya shule hazina kamera ya kusingizia.

Zamu ya waandaaji ni nyepesi kuliko wanavyodhani. Timu ya shule ipewe siku kumi hadi 14 za mazoezi yanayopanda taratibu kabla ya mashindano, na aliyetoka kuugua malaria asilazimishwe. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye watu wengi wenye vinasaba vya selimundu, na baadhi yao huanguka wakisukumwa kwenye joto; mwalimu anayemwita mtoto mvivu kwa kusimama huenda anamuua. Maji yawepo, lakini watu wanywe kwa kiu, wasijijaze: uchunguzi wa wakimbiaji wa marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2002 uliwakuta asilimia 13 wakiwa na upungufu wa chumvi ya damu, wengi kwa kunywa kupita kiasi.

Na pawepo barafu. Mkimbiaji akianza kuyumba, kuweweseka au kujibu mambo yasiyoeleweka, huo si uchovu. Ubongo wake unapikwa. Kosa letu ni kumpakia kwenye bajaji na kumkimbiza hospitali akiwa bado anawaka. Apozwe kwanza, asafirishwe baadaye: kivulini, nguo zipunguzwe, azamishwe kwenye maji ya baridi au amwagiwe mfululizo huku akipepewa. Katika mbio za Falmouth, Marekani, wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto katika kipindi cha miaka 18 walitumbukizwa kwenye maji ya barafu palepale, na hakufa hata mmoja. Musoma haiwezi kudai haina barafu. Kila siku tunaimwaga juu ya sangara ili asiharibike kabla ya kufika sokoni.

Mgeni rasmi naye abaki na heshima yake. Avishe medali watu wakiwa wameshamaliza, wamekaa kivulini na glasi ya maji mkononi. Watamsikiliza vizuri zaidi. Wakulima wa mkoa huu wanaolima kwa maksai hufungua nira jua likishakuwa kali, shamba limalizike lisimalizike, na hakuna anayewaita wavivu. Waandaaji nao waandike nyakati mbili kwenye kadi ya mwaliko: ya kuanza na ya kukoma. Ikifika saa tatu filimbi haijapulizwa, mbio zigeuke matembezi mafupi hadi kwenye mti ulio karibu.