Mashine Bila Mwanafizikia ni Pambo Hospitalini

Mwulize mwanafunzi wa sekondari hapa Nakuru, Njoro au Molo kwa nini ameliacha somo la Fizikia, na jibu lake huwa tayari mdomoni: ni somo gumu, na isitoshe yeye anataka kuwa daktari, si fundi wa umeme. Jibu hilo hurudiwa na wazazi na, la kusikitisha zaidi, hata na baadhi ya walimu. Kwa miaka mingi chini ya mfumo wa 8-4-4 watahiniwa wengi wamechagua Biolojia na Kemia na kuipa Fizikia kisogo, kana kwamba fizikia na tiba ni majirani wasioamkuana.

Dhana hiyo ni potofu, na wanaoilipia gharama ni wagonjwa.

Hebu tuuangalie ubongo. Kiungo hiki kimefungiwa ndani ya fuvu, na daktari hawezi kukitomasa kama anavyotomasa tumbo. Ni fizikia iliyomfungulia dirisha. Mashine ya MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio kuyahoji maji yaliyomo mwilini, nayo haidrojeni ya maji hayo hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Altrasaundi nayo hutumia mawimbi ya sauti yaliyopita mitetemo 20,000 kwa sekunde, kiwango ambacho sikio la binadamu halikisikii. Popo wa mapango ya Mlima Suswa wanaijua elimu hii tangu jadi: hutoa sauti, husikiliza mwangwi, wakajua ukuta uko wapi na mdudu yuko wapi. Kwa mtoto mchanga ambaye utosi wake haujafunga, mawimbi hayo hupenya hapo palipo laini na kumwonyesha daktari iwapo maji yamejaa kichwani.

Siku hizi sauti hiyo hiyo inatibu. Mwanafunzi aliyewahi kukusanya miale ya jua kwa kioo cha kukuzia hadi karatasi ikaungua hatapata taabu kulielewa jambo hili. Mwale mmoja hauna madhara. Mingi ikikutana mahali pamoja, huunguza. Mwanafizikia Kullervo Hynynen, mzaliwa wa Finland aliyefanya utafiti Boston na baadaye Toronto, Kanada, ni miongoni mwa waliofanikisha kukutanisha mawimbi ya sauti ndani ya ubongo bila kupasua kichwa. Kikwazo kikubwa kilikuwa fuvu lenyewe, ambalo huyapotosha mawimbi na kuyameza, na ambalo unene wake haulingani kila mahali. Ikabidi mfupa upimwe kwa picha, kisha vyanzo vya sauti zaidi ya elfu moja vilivyopangwa katika kofia vipewe kila kimoja wakati wake, ili mawimbi yote yafike shabahani kwa pamoja. Muda wote huo MRI hupima joto.

Mwaka 2015 mjini Toronto, mawimbi hayo yalitumiwa kwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo ili kufungua kwa muda, bila upasuaji, kizuizi kinachokataza dawa kutoka damuni na kuingia ubongoni. Mwezi Julai 2016, Marekani iliidhinisha matumizi ya mawimbi hayo kutibu maradhi ya kutetemeka mikono yaliyoshinda dawa. Hesabu za muda, unene na joto katika tiba kama hizi si kazi ya daktari peke yake. Zinamhitaji mwanafizikia wa tiba.

Msomaji atauliza: hayo ya Toronto yanatuhusu nini sisi wa Bonde la Ufa, ambako mgonjwa wa Kuresoi hukopa nauli ya kumfikisha mjini? Swali hilo ni la haki. Jibu lake liko hapa jirani, Mbarara nchini Uganda.

Mwaka 2022, Dkt. Johnes Obungoloch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wakishirikiana na wataalamu kutoka Uholanzi na Marekani, waliunda mashine ndogo ya MRI papo hapo chuoni. Vipande vililetwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Wakufunzi walikuwa wanne, na watu sita waliojiunga nao hawakuwa na mafunzo ya awali ya kazi hiyo. Tangu mzigo ufike hadi picha ya kwanza zilipita takriban siku 11. Nguvu ya sumaku yake ni tesla 0.05 tu, ilhali mashine nyingi za hospitali zina tesla 1.5, yaani mara 30 zaidi. Picha zake hazing'ai kama za mashine hizo kubwa. Lakini kuutambua ubongo uliojaa maji hakuhitaji mng'ao wote huo, na sumaku ya aina hiyo haihitaji kupozwa kwa heliamu. Zaidi ya yote, walioiunda wanajua kilichomo ndani yake, na siku ikiharibika hawatalazimika kumngoja mgeni.

Sisi tulipita njia nyingine. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilitia saini mikataba ya kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali za kaunti zote 47. Nia ilikuwa njema, na wako waliofaidika. Hata hivyo, kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilibainisha mwaka 2020 kwamba baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumiwa, wataalamu wakiwa miongoni mwa vilivyokosekana. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Nakuru, jiji tangu Desemba 2021, haina sababu ya kubaki nyuma ya Mbarara. Hospitali yake kuu, ambayo wengi wangali wanaiita PGH, hupokea wagonjwa wa Baringo, Nyandarua, Narok na kwingineko. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, na kitivo chake cha tiba kiko hapa mjini. Tunaihimiza kaunti isinunue mashine yoyote kabla ya kutenga mshahara wa atakayeipima na kuitengeneza. Tunakihimiza chuo kiwakutanishe wanafizikia wake na madaktari katika utafiti mmoja.

Kwenu walimu, ombi letu ni jepesi. Mtaala mpya unamtaka mwanafunzi achague mkondo anapoingia Gredi ya 10. Kabla hajachagua, mpelekeni hospitalini akaione altrasaundi ikifanya kazi, kisha mrudisheni darasani mumfundishe mada ya mawimbi. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Huenda binti anayeiogopa Fizikia leo ndiye atakayekuja kupima fuvu la mgonjwa hapa hapa Nakuru, asilazimike mtu kuuza shamba ili atibiwe ng'ambo.