Siki ya tufaha haioteshi nywele

Jamani, hii siki ya tufaha imeshakuwa babu wa Loliondo. Nywele zinakatika? Siki. Mba? Siki. Kipara? Siki hiyo hiyo, tena jipake bila maji!

Tuelewane. Siki ya dukani ni asidi, kama asilimia 5. Ukitia kidogo kwenye maji mengi ukasuuzia nywele ulizofua kwa sabuni ya mche, zitalainika na kung'aa. Hapo sina ugomvi na mtu. Ila kuotesha nywele, ushahidi uko wapi?

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walitoa majibu ya jaribio lao. Watu 22, nusu yao wenye pumu ya ngozi, walitumbukiza mkono mmoja kwenye siki ya tufaha na mwingine kwenye maji matupu, dakika 10 kila siku kwa siku 14. Siki ilikuwa imezimuliwa hadi nusu ya asilimia moja. Ngozi haikupata nafuu, na wengi iliwawasha. Sasa wewe unamimina ya chupa kwenye kichwa kilichoungua na dawa ya nywele!

Lakini kuwashwa si kitu. Kinachoniuma ni muda. Dada zetu wengi nywele zinawatoka mbele na juu ya masikio kwa sababu ya rasta nzito, kubanwa mpaka macho yanavutika, na wigi za gundi. Ukiacha kubana mapema, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, mizizi inakufa, panabaki kovu, na hapo haioti tena. Kwa hiyo miezi sita ya siki huku rasta ziko kichwani ni miezi sita ya kupoteza nywele.

Watoto wenye mapunye ndio usiseme. Fangasi wale huingia ndani ya unywele, kupaka hakutoshi, mtoto anahitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali.

Na sisi wanaume wa kipara cha kurithi (langu paji limeshaanza safari, kama la baba), ipo minoxidil ya kupaka, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1988. Inawasaidia baadhi, na ukiiacha nywele zinaondoka tena. Sio muujiza, ila angalau ilipimwa.

Kama yupo mdau aliyeoteshwa na siki tu, alete picha. Ya kabla na ya baada, na aseme rasta alifumua lini.