Kuokota Si Kupata: Tuijue Hukumu ya Luqata



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wazazi na wanafunzi, kuna neno ambalo watoto wetu wa madrasa wanalisema bila kufikiri: "Sikuiba ustadh, nimeokota." Kalamu ya mwenzake imo mfukoni mwake, na yeye anaona ameshajibu kila kitu. Mtoto hakulizua neno hilo. Amelisikia nyumbani, amelisikia kwa vijana wa bodaboda, amelisikia kwa mtu mzima aliyeokota simu ndani ya teksi akasema, "Hii ni rizki, Allah kanipa."

Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaoishi hapa Old Kampala. Juu ya kilima tunao Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, ambao Ijumaa unajaa maelfu ya watu na siku nyingine unapokea wageni wanaopanda mnara kuutazama mji. Chini ya kilima ziko stendi za teksi, Kisenyi na soko la Owino. Watu wengi namna hiyo wakipita mahali pamoja, vitu havikosi kuanguka. Kwa hiyo kila nyumba ya Muislamu hapa inafaa iijue hukumu ya luqata, yaani mali iliyopotea ikaokotwa na asiyekuwa mwenyewe.

Mafunzo ya Mtume (s.a.w.)

Hadithi mashuhuri katika mlango huu ni ya Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kitu cha kuokota. Akamuelekeza akijue vizuri chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze mwaka mmoja. Mwenyewe akija apewe, asipopatikana muokotaji anaweza kukitumia. Akaulizwa juu ya kondoo aliyepotea, akaruhusu achukuliwe, kwa kuwa asipochukuliwa na mtu ataliwa na mbwa mwitu. Lakini alipoulizwa juu ya ngamia alikasirika, kwa sababu ngamia ana miguu yake na maji yake tumboni, aachwe mpaka mwenyewe amkute.

Tazameni hekima iliyomo. Swali halikuwa "nitafaidika vipi?" Swali lilikuwa "mali hii itamfikiaje mwenyewe?" Kondoo anachukuliwa kwa sababu kumuacha ni kumpoteza. Ngamia anaachwa kwa sababu kumchukua ndiko kumpoteza.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, wamefafanua zaidi. Kwa ufupi:

1. Kitu kikiwa mikononi mwako ni amana. Kijue sifa zake, na inapendeza uweke mashahidi, ili shetani asikushawishi na ili warithi wako wasikigawane ukifa.

2. Tangaza mahali kilipopatikana, sokoni na kwenye milango ya misikiti. Mwanzoni iwe kila siku, baadaye kila wiki, kisha mara kwa mara mpaka mwaka utimie. Taja baadhi ya sifa tu, usizitaje zote, asije muongo akadai.

3. Kitu kidogo hakihitaji mwaka mzima. Kitangazwe kwa muda ambao mwenyewe angeendelea kukitafuta. Punje ya zabibu haitangazwi. Sarafu ya mia tano iliyookotwa darasani iulizwe hapo hapo darasani.

4. Mwaka ukipita unaweza kukimiliki, lakini mwenyewe akitokea baadaye unamrudishia kitu chake, au thamani yake kama umekwisha kukitumia.

5. Mtoto akiokota, mzazi au mlezi wake ndiye anayekichukua na kukitangaza. Kisiachwe mikononi mwa mtoto.

Ndugu zetu wanaofuata madhehebu ya Hanafi wanasema tajiri asikitumie hata baada ya mwaka, bali akitoe sadaka. Khitilafu hiyo ni ya baada ya mwaka. Juu ya wajibu wa kumtafuta mwenyewe, wote wako pamoja.

Mwaka si muda wa kungoja

Hapa ndipo penye maradhi yetu. Wengi wamesikia habari ya mwaka mmoja, wakadhani sheria inasema: ficha kitu kabatini, hesabu miezi kumi na miwili, kisha ni chako. La! Mwaka umewekwa kwa ajili ya kutafuta. Asiyetangaza hata siku moja hakuanza kuhesabu, na kabati lake litakuwa na mali ya watu hata ikipita miaka kumi.

Isitoshe, vitu vingi tunavyoviita vya kuokota leo havihitaji mwaka wala wiki, kwa sababu mwenyewe anajulikana au anajulikana kwa urahisi. Kitambulisho cha taifa, ndaga muntu, kina jina na picha. Simu inalia, na kwenye kioo pameandikwa "Mama". Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya pesa za simu Uganda mwaka 2009, pesa nazo zinaweza kukosea njia: mtu akigusa tarakimu moja vibaya, karo ya mtoto wake inaingia kwenye simu yako. Hiyo si luqata hata kidogo. Aliyezituma anajulikana kwa namba yake. Ukizitoa haraka na kuzima simu, umekula mali ya mtu kwa batili, jambo alilolikataza Allah (s.w.) katika Suratul Baqara aya ya 188.

Sheria ya jinai ya Uganda nayo haiko mbali na hapo. Inamuondolea tuhuma ya wizi muokotaji ambaye, alipokichukua kitu kuwa chake, hakumjua mwenyewe na aliamini kwa sababu za maana kwamba hawezi kupatikana. Sasa mwenye kutoa laini ndani ya simu inayolia, atasema aliamini nini?

Mji wetu una funzo lake kubwa katika hili. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku 90. Waliondoka na mizigo michache, wakaacha maduka yenye bidhaa, magari na vyombo vya nyumbani. Wako waliosema hizo sasa ni mali zisizo na wenyewe. Lakini wenyewe walikuwa hai, wanajulikana kwa majina. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurudishiwa mali zao, na miaka ya 1990 wako waliorudi wakadai na kupewa majumba yao. Mwenye mali akiondoka, haki yake haiondoki naye. Na ambaye hakuweza kurudi kudai kitanda chake hapa duniani, atakidai siku ambayo hakuna shilingi ya kulipia ila mema yetu.

Vijisababu tunavyovisikia

Wa kwanza anasema: "Mwenyewe si Muislamu." Jibu ni kwamba Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, alimuacha Ali (r.a.) nyuma ili arudishe amana za watu, na wenye amana hizo walikuwa katika wale waliomfukuza. Sisi majirani zetu wengi ni Wakristo, tunapanda nao teksi moja. Wataujua Uislamu kwa mkoba uliorudi na pesa zake zote kuliko kwa vipaza sauti vyetu.

Wa pili anasema: "Nikimpa kondakta atakula yeye." Huenda ni kweli. Basi kaa nacho wewe kwa amana, andika sifa zake, muachie kondakta namba yako. Khiyana ya mwingine haikuhalalishii ya kwako.

Wa tatu anasema: "Nitarudisha, lakini kwanza anitumie kitu." Hili limekuwa biashara mjini. Mtu amepoteza kitambulisho, anapigiwa simu atoe elfu hamsini. Ikiwa mwenyewe alitangaza zawadi kabla, nawe ukaisikia ukamletea, hiyo ni haki yako na wanazuoni wanaiita ju'ala. Akikupa kwa moyo wake baada ya kupokea, ni zawadi, mshukuru. Lakini kukizuia kitu chake mpaka alipe ni kuishika mateka mali ya mwenzio. Mimi sioni tofauti baina ya huyo na aliyeiba, ila kwamba mwizi alijisumbua zaidi.

Na viatu vya msikitini je? Mtu ametoka, hakuona ndala zake, akavaa zilizobaki. Wanazuoni wetu wamesema hazimilikiwi kwa njia hiyo. Huenda aliyezivua bado yumo ndani anasali, nawe umeanzisha mnyororo wa kudhulumiana mlangoni mwa nyumba ya Allah.

Tufanye nini?

Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kutangaza kitu kilichopotea ndani ya msikiti, kwani misikiti haikujengwa kwa hilo. Basi tusiwabebeshe maimamu kazi hii kwenye kipaza sauti. Ninapendekeza kila msikiti na kila madrasa iwe na daftari nje, mlangoni, na mtu mmoja muaminifu wa kulishika. Aandike tarehe, mahali, aina ya kitu na jina la muokotaji. Gharama yake ni bei ya daftari moja.

Na nyumbani, mama akiona kalamu au saa asiyoinunua, aulize siku hiyo hiyo: "Mwanangu, hiki ni cha nani?" Asiridhike na "nimeokota". Amwambie: "Vizuri, kesho tutakwenda pamoja kumtafuta mwenyewe." Mtoto aliyetembezwa mara moja kurudisha kalamu, akiwa mkubwa hatahitaji kuhimizwa kurudisha simu. Na mzazi anayenyamaza leo kwa kalamu, asishangae kesho akiitwa polisi.

Allah (s.w.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozirudisha amana kwa wenyewe, na atulindie watoto wetu matumbo yao na haramu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.