Mama Mboga Ametushinda Wasomi

Juma lililopita mwenzangu katika idara, msomi ninayemheshimu, aliniambia kwamba kumwita mwanamke transjenda "dada" ni kusema uongo, na kwamba mwalimu hana ruhusa ya kusema uongo kwa kisingizio cha adabu. Transjenda, kwa asiyelizoea neno hili, ni mtu ambaye jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa siyo anayoijua nafsini mwake kuwa yake. Makala haya ni jibu langu kwa mwenzangu, ingawa sehemu yake nzito inanihusu mwenyewe.

Muhula uliopita nilisimamia mtihani wa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Alifika mlangoni mwanafunzi aliyevaa gauni la kitenge, nywele amesuka, akanipa kitambulisho chenye jina la kiume na picha ya kijana aliyenyoa kipara. Uso ule niliujua. Alikuwa amehudhuria mihadhara yangu muhula mzima, akikaa karibu na dirisha. Hata hivyo nililisoma lile jina kwa sauti. Nikalirudia. Nikamwuliza mwenye kitambulisho yuko wapi. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, wachache wakainamisha vichwa, naye akanyoosha mkono, akachukua kitambulisho chake na kuondoka. Mtihani hakuufanya. Jioni ile nilijituliza kwa kusema kwamba nilifuata kanuni. Lakini kanuni ilinitaka nihakikishe kwamba anayeingia ndiye, na hilo nilikuwa nalijua kabla hajafungua mkoba.

Baada ya majuma mawili alikuja ofisini kutaka sahihi yangu kwenye fomu ya kuomba mtihani maalumu. Pale palipotakiwa sababu ya kuukosa mtihani alikuwa ameacha wazi. "Daktari, hapo nimekuachia wewe," alisema. Niliandika: kosa la msimamizi.

Nikamwuliza, kwa wasiwasi wa mtu asiyejua aseme nini, huko nje anaishije. Nilitarajia orodha ya matusi. Yapo, alisema, na mengine si matusi tu. Lakini alichotaka kunisimulia, na ambacho ameniruhusu nikiandike, ni habari ya nyanya.

Msomaji anajua kwamba ukilipa kwa simu, jina ulilosajiliwa nalo hutangulia kufika. Huwezi kununua hata nyanya za shilingi hamsini bila kujitangaza. Siku ya kwanza aliponunua mboga katika mtaa aliohamia, alituma pesa kisha akasubiri, akiwa tayari kukimbia. Mama mboga akaisoma simu yake, akainua macho, akamtazama, akasema, "Imefika, dada. Nikukatie sukuma?" Basi. Hakukuwa na hotuba. Kisu kikaendelea kukata, na tangu siku hiyo hanunui mboga kwingine.

Akaniambia pia juu ya msusi anayemsogezea nafasi kwenye benchi miongoni mwa wateja wengine, na juu ya bibi wa jirani aliyemfokea kwa kuacha nguo kwenye kamba usiku kucha: binti gani huyu! Alipokuwa akisimulia jinsi alivyofokewa alitabasamu, na nilihitaji muda kuelewa kwamba lile lilikuwa tabasamu la furaha. Alikuwa amekemewa kama binti mwingine yeyote wa ploti ile.

Sasa nirudi kwa mwenzangu na uongo wake. Kiswahili, lugha tunayoifundisha sote wawili, hakimwulizi mtu jinsia yake. Amekuja, ameketi, anasoma: kitenzi kimetosheka kujua kwamba huyo ni mtu. Ugomvi wa viwakilishi unaotikisa vyuo vya Marekani na Uingereza hauna mahali pa kushika katika sarufi yetu. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini lina upande wake wa pili, kwa kuwa sarufi hiyo hiyo humpa mwoga pa kujificha. Nilipoyarejea mazungumzo yetu ya ofisini niligundua kwamba sikumwita kitu chochote. Si binti, si dada, si hata jina. Nilisema "karibu", "keti", "samahani", nikidhani ninastahi. Kwetu utambuzi huja kwa neno la undugu, nami nilimnyima nililokuwa nalo mdomoni.

Na maneno ya undugu hayajawahi kuwa taarifa ya daktari. Mama aliyempa mwanawe jina la babake humwita mtoto huyo wa miaka mitatu "baba", naye huitika. Tajiri wa miaka thelathini huitwa "mzee" na watu wanaomzidi umri. Utingo humwita "mathee" mwanamke asiyemjua hata kwa sura. Mbona hapo mwenzangu hajashtaki mtu kwa uongo? Maneno haya humpa mtu nafasi ya kukaa kati yetu. Anayekataa kumwita mwanafunzi yule "dada" hasahihishi ukweli wowote wa kisayansi, anamwondoa kitini.

Aliniambia vilevile kwamba jambo lenyewe ni la kigeni. Miongoni mwa Wanandi, mwanamke aliweza kuoa mwanamke mwenzake, na aliyeoa alihesabiwa kuwa mume, akiwa na haki za mume. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo katika shauri la urithi. Sidai kwamba mume huyo alikuwa transjenda. Ndoa ile ilikuwa na shabaha zake za mirathi na ukoo. Ninachosema ni kwamba wazee wetu walijua nafasi ya mtu katika jamii haisomwi mwilini peke yake, wala hawakungoja Mzungu awafundishe. (Ya dini sikuyagusa kwa kuwa mwenzangu hakuyataja.)

Sheria nayo imetupita. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Taifa limpe Audrey Mbugua cheti kipya chenye jina lake na kisichotaja jinsia. Hoja ilikuwa rahisi: alama za mtihani hazitolewi kwa kufuata jinsia ya mtahiniwa. Miaka zaidi ya kumi baadaye fomu za idara yetu bado zina kisanduku hicho, na sijapata mtu awezaye kunieleza kinatusaidia nini. Ukiniambia kwamba tutadanganywa, kwamba mtu atamfanyia mwenziwe mtihani, nitakujibu kwamba hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni nambari ya usajili na picha ya mwaka huu. Ni kazi ya asubuhi moja kwa ofisi ya msajili. Nimeiandikia barua nikitaka kisanduku kiondolewe na picha zipigwe upya, na mwenzangu amekataa kutia sahihi.

Mtihani maalumu ni mwezi ujao. Nimeomba nipangiwe mlango.