Kijana Wetu Akitaka Kusoma Historia ya Sanaa, Tumwambieje?



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wa hapa Ngerengere hutujia walimu wa madrasa kutaka shauri. Kijana akichagua udaktari, ualimu, sheria au uhasibu, hakuna mwenye swali. Mwaka huu limekuja swali zito. Mmoja wa vijana waliokhitimisha Qur'an katika madrasa yetu anataka kwenda chuo kikuu kusoma sanaa, na moyo wake hasa uko kwenye historia ya sanaa ya zama hizi. Nyumba imegawanyika. Baba anasema huko ni kwenda kusomea masanamu. Mama anasema mtoto amejaaliwa kipaji tangu mdogo. Mjomba, ambaye kwa Waluguru neno lake si dogo, anauliza: akimaliza atakula nini?

Kwa kuwa jambo hili litazifika nyumba nyingine pia, tumeona tulieleze hapa ili wazazi na wanafunzi walipime. Rai yetu ni kuwa kijana huyu aruhusiwe kwenda, lakini aende kwa masharti. Tutaeleza kwa nini.

Elimu hii ni kitu gani?

Wengi tukisikia "sanaa" tunafikiria ngoma na muziki. Historia ya sanaa ni elimu ya kuchunguza vitu vilivyotengenezwa na watu: picha, nakshi, vinyago, nguo, majengo. Msomaji wake huuliza: nani alikitengeneza, lini, kwa ajili ya nani, na watu walikifanyia nini? Ikisemwa "ya zama hizi", maana yake ni kazi za watu wa karibu na wakati wetu.

Tuchukue mfano wa kwetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Aliwahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kazi ambayo wazee wengi wa mkoa wetu wanaijua kwa mikono yao. Baadaye alihamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi za kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, mahali panapoitwa Morogoro Stores. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne hivi tu, lakini jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji, na waliomfuata waliunda ushirika wao mwaka 1990. Leo picha za Tingatinga zinasomwa vyuoni Ulaya na Japani. Mtu anayeuliza kwa nini kibarua wa mkonge alichora vile, na kwa nini wageni walinunua, anasoma historia ya nchi yetu.

Sheria inasemaje?

Hapa tusifiche. Makatazo juu ya kutengeneza picha za viumbe wenye roho yapo katika hadithi sahihi. Maulamaa walio wengi wameharamisha masanamu yenye mwili ya viumbe hai. Kuhusu picha za kuchora zisizo na kivuli wamekhitalifiana, na wapo wa madhehebu ya Malik walioziona kuwa ni makuruhu. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kuwa chumo lake ni kutengeneza picha. Ibn Abbas akamfikishia onyo la Mtume (s.a.w.), mtu yule akafadhaika sana. Kisha akamshauri kuwa kama hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Tazama hekima hiyo: kazi ya mikono yake haikukatwa yote, bali alionyeshwa njia iliyo salama.

Lakini kutengeneza ni jambo moja, na kujua habari za kilichotengenezwa ni jambo jingine. Katika Suratu Nuh, Qur'an imetutajia masanamu ya watu wa Nuh (a.s.) moja moja kwa majina yake. Na ni huyo huyo Ibn Abbas aliyeeleza asili ya majina hayo. Yalikuwa majina ya watu wema. Walipokufa, watu wao waliwawekea masanamu ya kuwakumbuka, wala hawakuyaabudu. Walipoondoka waliojua habari hiyo na elimu ikapotea, ndipo yakaabudiwa.

Ndugu msomaji, zingatia maneno hayo. Kilichowafungulia watu mlango wa shirki ni kupotea kwa elimu ya kitu kile kilikuwa nini na kiliwekwa kwa sababu gani. Anayeijua habari ya kinyago hadanganyiki nacho kwa urahisi.

Tuna mfano hapa hapa kwetu. Bibi zetu wa Kiluguru, Kikwere na Kizaramo wanakijua kijinyago cha mti kiitwacho mwana hiti, alichokuwa akipewa mwali akiwa ndani. Leo vijinyago hivyo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na wasomi wa huko wameviandikia vitabu. Vijana wetu wa Kiislamu wanakwepa hata kuuliza, kwa kuogopa. Je, ni bora mila hiyo aeleze mgeni, au aeleze mjukuu anayejua lugha, anayemjua bibi, na anayeweza kupambanua lililo mila tu na lililogusa itikadi?

Mfano mwingine ni wa Sam Ntiro, Mtanganyika aliyesoma Makerere, na baada ya uhuru akawa Balozi wetu Uingereza. Picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la MoMA mjini New York. Mwanafunzi Muislamu akiisoma picha hiyo anajifunza ndoa za Wachaga zilivyokuwa. Kuisoma pombe kwenye picha hakumlevyi mtu.

Kwa nini tunawahitaji wasomi hawa?

Kwanza, urithi wa Uislamu katika pwani yetu ni mkubwa, na sehemu kubwa umeandikwa na wengine. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya khati ya Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Upo Msikiti Mkuu wa Kilwa. Ipo misahafu iliyoandikwa kwa mkono Siyu, katika kisiwa cha Pate, yenye nakshi za kupendeza. Kitabu kinachotegemewa sana kuhusu ujenzi wa misikiti hii ya kale ni cha Peter Garlake, kilichotolewa mwaka 1966. Tunamshukuru kwa kazi yake. Lakini je, miaka yote hii watoto wa madrasa, wanaoweza kuyasoma maandishi yale ya mihrabuni bila mkalimani, wako wapi?

Pili, madrasa yenyewe inaweza kuwa chimbuko la sanaa ya heshima. Ibrahim El-Salahi alizaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Baba yake alikuwa na chuo cha Qur'an nyumbani, na humo ndimo mtoto alimojifunzia kuandika khati. Akasoma London, kisha akarudi Sudan na kuonyesha kazi zake, watu wake wasizielewe. Akazunguka nchini kutazama watu wa kawaida wanavyopamba vitu vyao, akarejea kwenye herufi za Kiarabu alizozijua tangu utotoni. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilifanya maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake. Alichokipata juu ya ubao wa chuo cha baba yake hakikumzuia kufika, bali ndicho kilichomfikisha.

Tatu, dunia inatutazama sasa hivi. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kulelewa Uingereza, alisomea historia ya utamaduni, akawa profesa wa sanaa ya zama hizi, na mwaka 2017 akapata tuzo ya Turner. Katika kazi zake ametumia kanga, nguo ile ile ya mama zetu, pamoja na maneno yake. Mwaka 2024 Tanzania kwa mara ya kwanza ilikuwa na banda lake katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Vitu vyetu vinazungumzwa huko. Tusipokuwa na watu wa kuvieleza, tutaelezwa na wengine.

Atakula nini?

Swali la mjomba ni la haki, na hatutalipuuza kwa maneno matamu. Kazi za fani hii nchini ni chache kuliko za ualimu au uuguzi. Zipo katika makumbusho, katika hifadhi za mambo ya kale, katika ufundishaji, katika utalii na katika uandishi. Mwenye shahada hii peke yake anaweza kuzunguka na bahasha muda mrefu. Ndiyo maana tunasema aende kwa masharti.

Masharti yetu ni haya:

1. Dini yake iwe imesimama. Swala tano, Qur'an, na fiq-hi ya msingi viwe vimekaa. Atakutana na kazi nyingine zinazokejeli dini, na nyingine za uchi. Asiye na msingi asiende kuutafuta huko.

2. Asome orodha ya masomo kabla ya kuchagua chuo. Mara nyingi historia huchanganywa na vitendo. Aulize mapema kama analazimika kuchonga au kuchora viumbe, na kama anaweza kuchagua khati, nakshi, usanifu wa nguo au majengo.

3. Aunganishe na elimu nyingine ya kumpatia riziki, kama vile ualimu, historia au lugha. Kiarabu alichonacho asikiache, maana ni silaha ambayo wenzake wengi hawana.

4. Awe na sheikh au ustaadhi wa kumuuliza anapokwama. Na sisi walimu tusimkaripie anapouliza, kwani kijana akikaripiwa akiuliza, kesho atauliza kwingine.

5. Arudi na kitu. Kila likizo aandike habari za kitu kimoja cha hapa: mlango, kaburi la kale, mkeka, kofia, jina la fundi aliyejenga msikiti wa kijiji.

Kwa wazazi tunasema: msikatae jambo kwa kulisikia jina tu. Reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 imetuwekea stesheni hapa Ngerengere. Mpeleke mwanao siku moja Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, mkavitazame pamoja vitu vilivyotoka Kilwa. Msikilize anavyovieleza, kisha ndipo uamue.

Kwa wanafunzi wetu tunasema: kipaji ni amana. Mwenye jicho la kuona uzuri na hamu ya kujua ulikotoka amepewa jambo na Mola wake, na ataulizwa alilitumiaje. Akilitumia kuhifadhi habari za waliomsujudia Allah katika pwani hii kwa karne nyingi, na kuwafafanulia watu kile wanachokitazama bila kukielewa, tunataraji itakuwa katika mizani ya mema yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie elimu yenye manufaa, riziki ya halali na amali yenye kukubaliwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.